Shemeji, Kuna Neno Sikulifikisha

Shemeji yangu mpendwa,

Wewe bwana, umekufa? Kama umekufa wangetuambia, maana habari za msiba hazikosi gari. Miaka sita! Mtu anafunga mzigo, anasema, "Mama Asajile, narudi kabla mkungu huu haujaiva," halafu mkungu unaiva, unaliwa, mgomba unakatwa, chipukizi lake nalo linazaa, wewe kimya. Kwenu si mbinguni. Wenye mchele wanavuka daraja la Songwe Jumatatu, Alhamisi wamerudi wanakunywa chai hapa Masukulu. Hata kuku wanavuka. Wewe mtu mzima, mwenye vitabu kumi na kimoja, umeshindwa na nini?

Nimekutumia barua mbili za bahasha. Sijui zililiwa na mchwa au na posta. Hii ya tatu nimeamua iwe wazi. Itatoka kwenye kijarida cha kanisa, kile wainjilisti wanachovuka nacho mpaka, na nakala nyingine nitawapa madereva. Aisome mwinjilisti, aisome dereva, aisome na mwenye duka atakayeifungia karanga. Mmoja wao atakujua, atakuambia, "Shemeji yako wa Masukulu anakugombeza hadharani." Ukiona aibu, vizuri. Labda aibu itakupandisha basi.

Anayepiga taipu ni Atupele, mke wa mwanangu, mkweo. Mimi nasema, yeye anapiga. Ndiyo sababu jina lako halimo humu. Kwetu mke wa mwana halitamki jina la baba mkwe, na Atupele halipigi hata taipu. Unakumbuka: katika vitabu vyote alivyokupigia, kila neno lilikuwa la mashine, jina lako peke yake uliliandika mwenyewe kwa kalamu. Kabla hatujaanza nimemwonya asiruke neno wala asinilainishe. Nikisema mjinga, apige mjinga.

Nakuandikia kwa sababu Atupele ameitwa mwizi. Ameitwa mwizi wa maneno yako, Shemeji, na kwenye dunia hii ni wewe peke yako unayeweza kumsafisha. Na aliyemfikisha hapo ni mimi. Tulia, nitafika.

Nianze ulivyokuja. Watu wakipata ndevu nyeupe husahau walivyokuja.

Ulikuja na mvua. Begi moja, viatu havina kamba. Ulikuwa umetoka kusini, Malawi, siku zile ambazo kwenu mtu akisoma sana anatafutwa. Kiswahili chako kilikuwa cha kwenye kitabu, ulimsalimia marehemu mume wangu kama anayesoma tangazo la mazishi. Kinyakyusa hukujua hata cha kuombea maji. Baba Asajile akakuleta hapa nyumbani, akaniambia, "Huyu ni mwalimu. Shule imempa kazi, haijampa nyumba. Atakaa chumba cha uani."

Nikamuuliza, "Siku ngapi?"

"Wiki mbili."

Ulikaa miaka kumi na tisa.

Baba Asajile alikuchinjia jogoo, akawaita majirani, akawaambia, "Kuanzia leo huyu ni mdogo wangu wa tumbo moja." Watu wakala, wakasema amina. Ulilia, ukajifanya ni pilipili. Hakuna hata mmoja wetu aliyefikiri kwamba neno zuri kama lile lingekuja kutufunga wote watatu, wewe, mimi na mtu ambaye alikuwa bado hajaja.

Uliwafundisha watoto wa wilaya hii mpaka chaki ikaota mfukoni. Mpaka leo nikienda kupimwa macho kule Tukuyu, muuguzi akisikia natoka kwa Mwalimu ananitoa kwenye foleni. Jioni ukirudi hukupumzika. Unakaa kwenye kile kidirisha chako na daftari, unaandika. Uliandika kitabu cha mwizi wa ng'ombe, kitabu cha wanawake wawili waliogombea kisima, vitabu vya mazoezi vya shule, hata kitabu cha kufuga nyuki, na nyuki wenyewe unawakimbia! Siku moja nilikuuliza, "Shemeji, mkono hauchoki?" Ukaniambia, "Mama Asajile, nisipoandika, kuta hizi zinanisogelea." Nikacheka. Nilidhani ni maneno ya wasomi. Halafu Baba Asajile akanisimulia jinsi mlivyoshuka wote Kasumulu kununua mchele, ukasimama upande wetu wa daraja, unaangalia upande wenu, watu wanavuka na mbuzi wao, na wewe huwezi. Uliangalia mpaka mchele ukafungwa na kupakiwa. Ukarudi, ukaandika wiki nzima bila kula vizuri. Siku hizo nilikuwa nakuletea ndizi za mbalaga na maziwa ya mgando, nasimama mlangoni mpaka nione sahani imeisha. Ndizi zangu hakuna aliyezikataa akapona.

Ulitaka kunifundisha na mimi. Ulinichorea herufi kwenye majivu ya jikoni kwa kijiti. "Hii ni A, A ya Asajile." Nikaifuta kwa mguu. Nikakuambia, "Na ndizi atageuza nani?" Ulijaribu mara tatu, mara tatu nikafuta. Baba yangu alisema msichana akisoma anaharibika, mimi nikamwamini hata alipokwisha kuzikwa. Leo hilo ndilo linaloniuma.

Sasa Atupele.

Asajile alimwoa enzi ya ruksa ilipoanza, vitu viliporudi madukani, sabuni za kila rangi, mitumba imetandazwa mpaka Kiwira. Atupele alikuwa karani mpiga chapa kwenye ofisi moja ya ushirika pale mjini. Wiki ya pili ya ndoa anatoka kisimani, ndoo kichwani, akakuona unakuja na baiskeli. Wewe kwa Asajile ni baba mdogo, kwa hiyo kwake ni baba mkwe. Na kwetu mke wa mwana hakutani na baba mkwe: hamwangalii, hampi mkono, hakai naye chini ya paa moja. Sisi tunaita ukutila. Atupele akafanya alivyofundwa. Akaitupa ndoo, akajitosa kwenye shamba la chai la jirani.

Na wewe ukadhani ameanguka! Ukaitupa baiskeli, ukaingia kwenye chai unapiga kelele, "Binti, umeumia? Binti!" Yeye anakimbia ameinama, wewe unamkimbiza kwa huruma. Wachumaji chai waliweka vikapu chini wakashika mbavu. Mmoja akakuita, "Mwalimu, mwache mkweo apumue, atatokea Malawi huko!"

Baba Asajile alipokueleza ulikaa chini. Ukauliza, "Mpaka lini?"

"Mpaka mmoja wenu azikwe."

Ukasema, "Nimekimbia nchi nzima ya makatazo, nimekuja kukatazwa mkwe."

Nilicheka siku tatu. Lakini uliishika desturi yetu kuliko sisi tuliozaliwa nayo. Ukitaka kutoka chumbani unapiga kwanza kengele ya baiskeli, uliyoigongomelea mlangoni, ili Atupele ajifiche. Unasubiri. Ndipo unatoka. Mtu mzima anapiga kengele atoke kwenye chumba chake! Naye akisikia tu kengele anaacha chungu kinafurika, anaingia nyuma ya mlango. Niliwaangalia nyote wawili nikaona ni heshima nzuri. Sikuona kwamba ni watu wawili wamefungiwa kwenye ua mmoja, na ufunguo ninao mimi.

Maana ofisi ya ushirika ilifungwa. Ruksa ilileta sabuni, ikaondoa kazi. Wakawapunguza makarani wote, na Atupele akapewa taipureta ya zamani iliyovunjika mguu. Alikuja nayo kutoka Tukuyu ameibeba kichwani, mvua inamnyeshea, ameivua kanga yake kuifunika. Nilipoiona nikasema, "Hiki chuma tutakila?" Wewe uliisikia ikilia jikoni siku ya kwanza, ukaniita. "Mama Asajile, mkwe anapiga chapa?" Nikasema, "Anapiga kelele." Ukacheka. Ukanipa karatasi, ukasema, "Mpelekee."

Hivyo ndivyo nilivyopata kazi bila kwenda shule.

Wewe chumbani, yeye jikoni, mimi katikati. Karatasi za mkono zinakwenda, za mashine zinarudi, zote chini ya kanga yangu kwa ajili ya mvua hii yetu isiyochoka. Akikwama ananituma. Unakumbuka ile hadithi yako ya mke aliyepigwa?

Atupele akaniambia, "Mama, muulize baba, huyu mwanamume kesho yake alimfuata mkewe?"

Nikavuka. "Shemeji, mkweo anauliza, huyu bwana alimfuata mkewe?"

"Ndiyo. Alimfuata kwao, mke akamfungulia."

"Akamfungulia? Na juzi amempasua mdomo?"

"Mama Asajile, peleka jibu tu."

"Napeleka. Lakini mimi nisingefungua. Ningemmwagia maji ya ndizi yanayochemka."

Ukaniomba karatasi, ukafuta, ukaandika upya. Wiki iliyofuata Atupele ananisomea jikoni, nasikia mlango haukufunguliwa, na maji ya ndizi yamemwagwa! Nilitembea siku hiyo kama mke wa mkuu wa wilaya.

Basi ikaja ile safari ya Matwebe.

Atupele alikuwa kwao Matwebe kujifungua mtoto wa kwanza, taipureta ameipeleka Asajile kwa baiskeli. Wewe ulikuwa na haraka. Shirika lililokuwa likichapisha vitabu vyako lilikuwa linakwenda kufungwa kama ushirika ulivyofungwa, wakakuambia kitabu kisipofika kabla ya mwisho wa mwezi, basi. Ilibaki sura moja. Uliniwekea mkononi ukasema, "Hii sina nakala. Ishike kama mtoto."

Nikakujibu, "Mtoto namshika vizuri zaidi."

Kichwani nilikuwa na mkungu, ndizi nzuri za mbalaga kwa ajili ya mzazi. Kwapani karatasi zako. Kile kijito cha kabla ya Matwebe kilikuwa kimejaa, na daraja lake unalijua, gogo moja linateleza kama bamia. Nikateleza. Shemeji, Mungu alinipa mikono miwili, na yote miwili ikaenda kwenye mkungu. Nilisimama ndani ya maji hadi magotini nimezikumbatia ndizi, naziangalia karatasi zako zikifunguka moja moja, zikaenda zimefuatana kama bata, zikakata kona.

Ndizi nilizijua. Zile zako kwangu zilikuwa karatasi tu. Ningekubali ile A ya kwenye majivu, labda mkono mmoja ungekwenda upande wa pili.

Nilifika kwa Atupele nimelowa, nalia. Akaniuliza kwanza, "Mama, umeumia?" Halafu ndipo akauliza, "Ilikuwa sura gani?" Nikasema ya harusi, ndivyo ulivyoniambia. Mtoto ananyonya, yeye anaangalia ukuta. Sura ya kabla alikuwa ameipiga yeye, ya baada alikuwa ameipiga yeye. Akasema, "Najua inatoka wapi na inakwenda wapi. Usimwambie baba." Nikasema, "Mimi? Simwambii."

Akaiandika. Mtoto mkono huu, penseli mkono huu. Wiki ya tatu alirudi Masukulu, mtoto mgongoni, sura imepigwa safi. Nikaivusha uani kama kawaida, nikakupa, nikasimama mlangoni napangusa mikono isiyo na maji. Ulisoma. Ukarudia. Uliyoyasema siku ile nitayafikia. Sina haraka nayo.

Kitabu kilitoka, cha mwisho kabla lile shirika halijafunga milango. Na unajua kilichotokea. Sura ile ndiyo watu waliyoishika. Mwali anasikia hatua za baba mkwe, anajitosa kwenye chai, na ndani ya chai, akiwa amelala kifudifudi kwenye matope, anahesabu mambo yote ambayo hatayasema tena kwa sauti maisha yake yote. Watoto wa shule wanaijua kwa kichwa. Wanawake wa kwaya waliniomba Atupele awasomee, wakalia, na yeye akiwa anawasomea uso mkavu. Wakaja walimu watatu kutoka Mbeya kukuona. Nilikuwa naweka viazi mezani. Mmoja akakuuliza, "Mwalimu, mwanamume unawezaje kuingia moyoni mwa mwali namna hii?"

Ukaangalia sakafu. Ukasema, "Nilisaidiwa."

Wakadhani unamtaja Mungu. Wakaitikia amina, wakala viazi.

Halafu Baba Asajile akafa, ukamzika kama ndugu wa kweli. Halafu mlango wa kwenu ukafunguka, wale waliokimbia wakaanza kuitwa warudi. Ulizunguka na ile habari mwezi mzima kama kuku mwenye yai. Ukaondoka. Sikukuzuia, ingawa nilitaka kukufichia viatu.

Atupele akabaki na mashine, na hakuna wa kumpigia. Akaanza kuandika chake, nyuma ya karatasi za mitihani ya zamani. Miaka mitatu, Shemeji. Akitoka shambani anaandika, akimaliza kuosha vyombo anaandika. Ananisomea, nami nambishia, "Huyu mwanamke hawezi kusema hivyo," naye anafuta. Kitabu chote kinahusu wanawake wa hapa hapa, wachumaji chai, hakuna hata mwanamume mmoja mwenye kengele. Asajile, ambaye siku hizi anaendesha lori la ndizi, akakipeleka Dar es Salaam kwenye kampuni moja ya watu binafsi, maana siku hizi vitabu vimekuwa kama soda, kila mtu ana kiwanda. Kilipanda lori juu ya ndizi.

Jibu lilirudi na lori hilohilo. Asajile aliificha bahasha chini ya kiti siku mbili. Atupele akaipata anapofagia gari. Alinisomea jikoni, amesimama. Wanasema sauti hii wanaijua. Ni yako. Wanasema wanafahamu kwamba uliishi kwenye nyumba hii na uliacha karatasi, na kwamba si uungwana kuchukua kazi ya mtu mgeni aliyekaribishwa na kuiwekea jina lingine. Wanaomba karatasi zirudishwe kwa mwenyewe.

Karatasi zipi? Ulizoacha hapa ni madaftari ya wanafunzi na kofia.

Mambo hayakai ndani ya bahasha. Sokoni Tukuyu mwanamke mmoja, namjua mpaka ukoo wake, akasema mbele yangu, "Ndiye yule aliyemwibia baba mkwe." Nilimwambia neno ambalo Atupele anakataa kulipiga, na hapo nimemruhusu. Lakini ningejibu nini zaidi? Niseme, "Sauti ile ni ya Atupele tangu zamani, ile sura mnayolilia ni yake"? Nani ataniamini, bibi nisiyejua A? Wangesema mama mkwe anamtetea mwizi wake. Nikimwambia Atupele ajitetee, anasema, "Nikisema sura ile ni yangu, nimemwita baba mwongo. Siwezi. Hata jina lake siwezi."

Kwa hiyo amekaa. Taipureta ameifunika kanga. Akitakiwa anapiga barua za kuomba kazi na risala za harusi za watu, anafunika tena. Nyumba imekuwa kimya mpaka nasikia panya wanavyofikiri. Wiki iliyopita akamwambia Asajile, "Ipakie kwenye lori, ukaiuze." Asajile akainua, kweli akainua! Nikamwambia aiweke chini. Nimeikalia. Si maneno, nimevuta kigoda nikaikalia kama kuku, mpaka lori likaondoka.

Sasa nimefika, Shemeji. Magoti yangu yamekwisha, siwezi kushuka mpaka huko kukutafuta, na hili jambo haliwezi kukaa ndani yangu tena. Hata Atupele hajawahi kulisikia. Analisikia sasa, vidole vikiwa juu ya mashine.

Siku ile ulipomaliza kusoma, uliziweka karatasi magotini, ukaniangalia mimi. Ukasema, "Mama Asajile, hii si sura yangu. Ni nzuri kuliko yangu. Mwambie mkwe kwamba nataka jina lake likae kwenye kitabu pamoja na langu. Muulize kama anakubali, uniletee jibu."

Nikavuka uani. Mvua ilikuwa inanyesha, nakumbuka, maana nilisimama katikati nikalowa kabisa. Nikaingia jikoni.

Atupele akauliza, "Amesemaje?"

Nikasema, "Amesema asante."

Nikarudi kwako. Ukauliza, "Amesemaje?"

Nikasema, "Amekataa."

Hilo ndilo. Miaka yote ile nilibeba kila neno lenu, hata koma mliniambia nikazibeba, na neno moja kubwa nikaliacha kwenye mvua. Lile la kijitoni ni kosa la mikono. Hili nilikusudia.

Nilijiambia ni kwa sababu ya desturi. Watu wasioruhusiwa paa moja, majina yao yalale kwenye jalada moja? Wanawake wa kanisani wangesema nini? Lakini mimi ni mzee, sina haja ya kudanganya kijaridani. Niliogopa kwamba mwanamke mwenye jina kwenye kitabu ataitwa Dar es Salaam, atakwenda, na mimi nitabaki na kuku. Nilizaa wavulana watupu, Shemeji. Atupele ndiye binti niliyempata. Nikamfungia, nikaita mapenzi.

Wewe umekwenda kwenu ukijua kwamba alikataa. Labda ukaona umemkosea kumwomba, labda ndiyo maana huji, sijui. Yeye amekaa hapa akijua kwamba uliichukua sura yake na kumlipa asante moja. Na hakukusema vibaya siku hata moja. Alikuoshea hata mashuka.

Hapa mashine ilinyamaza. Atupele alitoka nje, akakaa kwenye ngazi, muda wa kuchemsha ndizi zikaiva. Sikumfuata. Aliporudi nikamwambia, niko tayari kwenda kuishi kwa dada yangu, afunge tu nguo zangu. Akakaa. Akasema, "Mama, rudia ile sentensi ya kabla ya kuacha, sikuimaliza." Nikairudia. Ameipiga. Hajaniambia kingine, na mimi siulizi.

Kwa hiyo sasa fanya haya. Kwanza, waandikie wale wa Dar es Salaam. Waambie nani aliyeiandika sura ya mwali, na kwamba sauti wanayosema ni yako ilikaa jikoni kwangu. Andika kwa mkono wako, mwandiko wako wanaujua. Kama unaumwa usingoje upone, usingoje mavuno. Mtu anakaa na jina la wizi kila siku anayoamka.

Pili, uje. Nakutamani, Shemeji. Hakuna anayenibishia tena. Chumba chako nimekiwekea mbegu za maharage, nitazitoa. Kama una mke huko, mlete nimkague. Kama huna meno, ndizi zetu hazihitaji.

Na kuhusu desturi, nimekaa na wanawake wazee wa ukoo, tumezungumza. Hukuzaliwa baba mkwe. Mume wangu alikufanya kwa neno lake mbele ya jogoo, na neno la mwenye boma linaweza kufunguliwa na mwenye boma. Mwenye boma sasa ni mimi. Nimelifungua. Undugu unabaki, kujificha kumekwisha. Waliotaka kunung'unika wamenung'unika, wamekunywa chai, wameondoka. Ndaga fijo, asante sana, kwa heshima yote uliyotupa. Ilitosha.

Atupele sijamlazimisha. Nimemuuliza kama utakapokuja atakimbia. Ameangalia mashine, akasema, "Sijui, Mama. Chai yenyewe wameing'oa." Nimechukua hilo kuwa si hapana.

Basi ukishuka kwenye basi usije kunisalimia mimi kwanza, hata ukiniona nimekaa barazani nakupungia. Nipite. Nenda mpaka jikoni, simama mbele ya Atupele, mwulize lile swali la jina lake kwa mdomo wako mwenyewe, na usiondoke mpaka akujibu.

Shemeji yako, aliyekula chumvi yako na ukweli wako,
Mama Asajile